Masika Niliyomshuku Wifi Yangu

Mimi ni mtu wa shaka. Nikinunua samaki humfunua mashavu hata kama nimemwona kwa macho yangu akitolewa chomboni. Mume wangu akirudi kutoka msikitini humtazama miguu, nione kama kweli ilipata maji ya udhu. Tabia hii sikuiokota njiani. Mama yangu kule Pangani alitulea akituonya kwamba mwenye kuamini kila kitu ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kati ya watoto wake wote mimi ndiye niliyeshika somo.

Nayasema haya mapema ili nisije nikajifanya mwema huko mbele. Masika yale, binti yangu alipotoka vipele, sikuanza kwa kutafuta dawa. Nilianza kwa kutafuta mtu.

Tulikuwa tunakaa, na bado tunakaa, katika nyumba ya marehemu baba mkwe wangu, huku Bagamoyo mjini, upande wa nyumba za zamani zenye kuta za mawe. Ndani tulikuwa wanne. Mimi, mume wangu mwenye duka la nyavu na kamba, binti yetu wa mwaka mmoja na miezi mitatu, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi alikuwa amerudi kwao baada ya kuachwa. Ndoa yake ilidumu miaka kumi na moja bila mtoto, na siku mume alipochoka kungoja, alimrudisha na masanduku yake mawili. Chumba chake kilikuwa mkono wa kushoto unapoingia ukumbini, na chetu kilikuwa mkono wa kulia.

Binti yangu alizaliwa wifi akiwa tayari yumo ndani. Ndiye aliyemwogesha siku arobaini za kwanza, maana mimi niliogopa shingo ile laini. Mtoto alipoanza kutambaa alitambaa kuelekea chumba cha kushoto. Wakati huo niliona raha, mikono yangu ikapata nafasi ya kupumua.

Vipele niliviona siku ya Jumatatu wakati wa kumwogesha. Vilikuwa shingoni na kifuani, vidogo, vyekundu, vimejipanga. Nikasema harara, nikampaka poda. Kisha nikajiuliza harara gani ya kutoka katikati ya mvua, wakati sisi wakubwa tunajifunika shuka mbili. Siku tatu baadaye vilikuwa vimeshuka mgongoni na kupanda mabegani, vingine vinatoa maji, na mtoto anajikuna mpaka analia kwa hasira. Mtoto wa umri ule hawezi kukwambia kinachomsumbua. Anakutazama tu kama mtu anayekudai jibu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa sabuni. Niliacha ya unga nikarudi kwenye ya mche, nikafua kila kitu upya, vigauni, shuka na nepi zake za kitambaa. Vipele havikujali. Wa pili alikuwa kamba, maana wifi alikuwa akimlisha mtoto mchuzi wa kamba kwa kidole. Nikapiga marufuku kamba, ngisi na pweza, mume wangu akala maharage wiki nzima bila kosa lolote. Vipele vikaongezeka. Nikampeleka zahanati. Kijana wa pale alimtazama kwa muda wa kumeza mate, akasema ni upele wa kuambukizana, akatupa dawa nyeupe ya maji tujipake nyumba nzima. Tulijipaka sote tukanuka kama stoo ya duka la dawa. Mtoto alipiga kelele dawa ilipomgusa, na ngozi yake ikabaki vilevile.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya wifi.

Yalikuwa yamesemwa kabla ya vipele, siku mbili au tatu hivi. Wifi alikuwa amempakata mtoto ukumbini, anamfinyafinya mapaja. Akasema, "Mtoto huyu kanona, wifi. Hebu mwangalie mapaja yake." Akanyamaza. Mimi nikangoja. Kwetu mtoto hasifiwi hivihivi. Ukimsifu unafunga maneno yako kwa Mashaallah, ndipo sifa inakuwa dua. Ukiliacha neno lile, umeliacha jicho wazi. Nilingoja, wifi akawa anatazama tu mapaja yale, wala midomo haikutikisika. Mwishowe nikaisema Mashaallah mimi, kwa sauti, kama mtu anayefunga mlango ulioachwa na mwingine.

Wakati ule lilinipita. Lakini mtu wa shaka hatupi kitu, anaweka. Nilipolitoa tena lilikuwa limekua. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, anamtazama mtoto wa mwenzake, anamsifu, halafu hafungi. Nikaanza kumhesabia. Wiki ile alimsifu mtoto mara saba, mara tatu akafunga kwa Mashaallah na mara nne hakufunga. Nilikuwa nahesabu huku nachambua mchele, na hesabu sikukosea.

Nikampigia mama simu. Sikumtaja wifi, nilisema tu mtoto katoka vipele na dawa hazifanyi kazi. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi. "Mwanangu," alisema, "kikulacho ki nguoni mwako. Mfukizie mtoto nguo zake, na wewe uwe macho."

Kufukiza sikuhitaji kufundishwa. Kwetu nguo haivaliwi mpaka ipite kwenye moshi wa udi. Unaweka makaa ya moto katika chetezo, unadondosha udi, unafunika juu yake kapu la fito lenye matundu, kisha unazitandaza nguo juu ya kapu zinywe moshi. Nilikuwa nafanya hivyo kila Alhamisi alasiri kwa nguo za nyumba nzima, isipokuwa nepi, maana nguo ya mkojo haipewi udi. Baada ya simu ile nikawa nafukiza nguo za mtoto kila siku. Vipele vilipozidi, nikafukiza mara mbili, asubuhi na alasiri, na ubani nikaongeza.

Mvua zilikuwa zimelowesha makaa, hayashiki hata uyapepee mpaka mkono ufe ganzi. Lakini nilikwisha kupata ujanja wangu. Barabarani kuna mama anayekaanga korosho, na tangu mvua zilipoanza nilikuwa nimemwomba kiroba cha maganda. Ganda la korosho lina mafuta, ukiligusisha kiberiti linawaka lenyewe, na ukiyachanganya na makaa chetezo hakizimiki. Alinipa bure, nami nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wa mtaa ule wanaohangaika na makaa mabichi.

Wifi hakuupenda moshi wangu. Nikiwasha tu anaanza kukohoa, macho yanamtoka machozi, anachukua kanga yake anakwenda kukaa barazani. Siku moja aliniuliza, "Wifi, moshi wako huu mbona mkali hivi? Wanikereketa koo. Udi wa siku hizi umetiwa nini?"

"Udi ni uleule," nilimjibu bila kugeuka.

Moyoni nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Nani asiyejua kwamba mwenye husuda hawezi kukaa kwenye fukizo? Moshi wamkera mwenye jambo lake. Mimi mwenyewe koo lilikuwa linawasha, na ncha za vidole vyangu zilikuwa zinabambuka ngozi, lakini hayo niliyapa sabuni ya mche. Machozi ya wifi ndiyo niliyoyapa maana. Nilifurahi, naona haya kusema, lakini nilifurahi. Nikaongeza ganda jingine.

Halafu ikaja harusi ya binamu yangu Pangani. Nilikwenda na mtoto, tukakaa juma zima nyumbani kwa mama. Mama naye alifukiza nguo za mjukuu wake kwa udi wake, juu ya makaa ya vifuu vya nazi, kama alivyonifukizia mimi. Siku ya tatu mtoto akaacha kujikuna. Siku ya sita ngozi ilikuwa imekauka, mabaka yanachubuka, na chini yake ngozi mpya laini. Mama akanitazama, mimi nikamtazama. Tulirudi Bagamoyo siku ya Jumapili. Wifi alitupokea mlangoni, akamnyakua mtoto, akambusu shingoni. Jumanne asubuhi shingo ilikuwa nyekundu.

Ushahidi gani tena ningeutaka? Udi uleule Pangani, udi uleule Bagamoyo. Sabuni niliibeba kutoka hapa. Kilichozidi huku ni wifi peke yake. Tangu siku ile nilikuwa nafunga mlango wa chumba chetu kwa ufunguo. Wifi akimchukua mtoto, namfuata, nasema, "Mwache, anataka kulala," na mtoto macho makavu kabisa. Siku moja mtoto alinikatalia. Alinyoosha mikono kwa shangazi yake akalia, na wifi naye mikono yake ilikuwa imekwisha kunyooka. Nilimvuta mtoto. Wifi akabaki na mikono hewani kidogo, kisha akaitumia kujifunga kanga vizuri, kanga ambayo haikuwa imelegea. Nililiona lile. Hata shikamoo yangu kwake siku hizo ilikuwa imefupika, nikiisemea pembeni.

Jioni moja, chumbani kwetu, nikamwambia mume wangu, "Dada yako ahame."

Aliacha kuhesabu chenji. "Ahame aende wapi? Hii ni nyumba ya baba yetu."

"Na huyu ni mtoto wa nani?" Nikamweleza yote, mapaja, Mashaallah nne zilizokosekana, machozi ya moshi, Pangani. Nilieleza vizuri sana. Nilipomaliza niliona hata yeye amekunja uso, na huyu ni mtu aliyelelewa mgongoni kwa dada yake.

"Kesho mpeleke hospitali," alisema. "Hospitali, si ile zahanati. Wakikwambia ni jicho la dada, nitamwambia mwenyewe."

Nilijua ananikejeli kidogo, lakini neno nitamwambia nililisikia nikalishika. Jambo moja sikulikumbuka. Nyumba zile zina kuta nene zisizopitisha hata kelele za mvua, ila juu ya kila mlango wazee waliacha matundu ya kupitisha hewa. Upepo hupita pale, na maneno pia.

Hospitali nilimkuta nesi mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mama, mvue nguo zote." Nikamvua. Nikaanza kumwonyesha shingo, mgongo, kifua.

"Hivyo naviona," alisema. "Nionyeshe palipo pazima."

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali lile. Ilibidi nimtazame mwanangu upya, kwa kutafuta kilicho kizima. Uso ulikuwa mzima. Mikono kuanzia chini ya mikono ya gauni, mizima. Miguu kuanzia magotini, mizima. Na pote palipokaa nepi, kiunoni mpaka kwenye mapaja, ngozi ilikuwa safi kama ya siku aliyozaliwa. Mapaja yale yale yaliyosifiwa, hayakuwa na hata kipele kimoja.

Nesi akauliza nepi nafua kwa sabuni gani. Nikasema sabuni ileile ya gauni. Beseni? Lilelile. Kamba ya kuanikia? Moja.

"Basi nguo hizi zinapata kitu ambacho nepi hazipati," alisema. "Fikiria."

Jibu lilikuwa limekwisha kufika mdomoni, nami nikawa sitaki kulitoa. "Udi," nilisema. "Lakini udi ni wa siku zote. Mimi mwenyewe nimekua ndani ya udi."

Alikichukua kigauni akakinusa, akakiweka mbali. "Unachoma juu ya nini?"

"Makaa." Alikuwa bado ananitazama. "Na maganda ya korosho."

Akanishika mkono, akaugeuza, akatazama ncha za vidole vyangu zilizobambuka. Sikuwa nimemwonyesha. "Mimi kwetu ni kusini, korosho nimezaliwa nazo," alisema. "Mafuta ya ganda lile huunguza ngozi, na moshi wake huyabeba. Kule anayekaanga hukaa upande unakotoka upepo. Wewe umeyafukizia kwenye nguo, umemvisha mtoto. Umeanza lini?"

Nikahesabu. Hesabu sikukosea safari hii pia. Nilianza Alhamisi, na vipele niliviona Jumatatu. Na kila nilipozidisha fukizo kumkinga mwanangu na shangazi yake, nilikuwa nazidisha lile lililomla.

Mtu wa shaka hafi upesi. Nilitoka hospitali na mshukiwa mpya, nikamwendea moja kwa moja yule mama wa korosho, nimkanye mbele ya wateja wake kwa kunipa sumu. Alikuwa amejipaka majivu viganjani, kinga ya mafuta ya maganda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nilikuuliza wayataka ya nini, ukanambia ya kuwashia jiko. Jiko halivai nguo." Nikaondoka na mwanangu mgongoni.

Nilipoingia nyumbani wifi alikuwa amekaa ukumbini, amevaa baibui, sanduku lake moja limesimama miguuni.

"Nakwenda Kaole kidogo kwa mama mdogo," alisema. "Nikapumzike." Halafu akauliza, "Wamesemaje hospitali?"

Nikamwambia ni maganda ya korosho. Nikamweleza moshi na nguo na nepi. Alisikiliza akitikisa kichwa. "Ndiyo maana ukanikereketa," alisema. Hakuzidisha. Akainuka, akashika sanduku.

"Wifi, usiende."

"Si umesema nihame?" Alisema polepole, bila ugomvi, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau sokoni. Akatupia macho yale matundu juu ya mlango wetu.

Nilikaa sakafuni na mtoto wangu mgongoni, nikalishika sanduku kwa mkono wenye vidole vilivyobambuka. "Nimekukosea, wifi," nilisema. "Nilikudhania husuda."

"Nilijua. Nilijua tangu siku uliyonimalizia Mashaallah yangu."

Nililia hapo. Yeye hakulia. Alikaa tena, akaangalia mikono yake. "Siku ile sikunyamaza kwa ubaya," alisema. "Maneno yalinikwama. Nilikuwa nayatazama mapaja yale, nikawa nawaza, lau Mungu angenipa, wangu angekuwa wa namna gani. Nilipokuwa tayari kusema, wewe ukasema." Akavikunja viganja. "Labda hilo nalo ni jicho. Mimi sijui."

Nilimfungua mtoto mgongoni nikamwekea mapajani. Mtoto akamshika pua.

Maganda niliyatupa. Nguo nilizifua mara tatu nikazianika kwenye kila jua lililochungulia, na chetezo nikakisugua kwa mchanga. Katika siku kumi ngozi ya mwanangu ilirudi. Wifi hakwenda Kaole. Mume wangu alilirudisha lile sanduku chumbani kwa dada yake, na mimi hakuniuliza kitu, ingawa alikuwa na haki ya kuuliza.

Sasa binti yangu anakimbia, ana maneno, na ngozi yake ukiiona huwezi kujua. Udi nafukiza kama zamani, juu ya makaa makavu, na wifi hukaa palepale ukumbini. Tunapika pamoja, tunacheka pamoja. Mgeni akiingia atasema wifi na wifi hawa wanapendana, na hatakosea.

Ila tangu siku ile wifi yangu hafungui kinywa juu ya mtoto bila kutanguliza neno. Mashaallah, mtoto kaamka. Mashaallah, mtoto ana mafua. Wala hamnyanyui tena kama zamani. Anasimama kwanza, mikono imeshikana mbele, ananitazama. Nimemwambia mara ngapi sijui kwamba hana haja ya kuniomba. Anaitikia, "Haya, wifi," na kesho yake anaomba.

Jana nilikuwa jikoni nachambua mchele. Akaja akasimama mlangoni.

"Mashaallah, wifi, mtoto kajikojolea," alisema. "Nimchukue?"